Daktari wa kwenye simu aliniuliza mbele ya mwanangu

BARUA

Mwanangu mwandishi wa safu,

Sikujui umri wako, lakini nina miaka 66 na nimefundisha shule ya msingi miaka 34, kwa hiyo niruhusu nikuite mwanangu. Naishi ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Bweni. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka 6 iliyopita. Nina presha, na huu ni mwaka wa 9 tangu niambiwe nina sukari. Kila mwezi navuka kwa kivuko kwenda kliniki Pangani mjini. Wakiniandikia vipimo vikubwa napanda gari mpaka Tanga, kilomita 50 hivi, na siku hiyo narudi nyumbani magharibi.

Mwanangu wa kwanza yuko Dar es Salaam. Ramadhani iliyopita alikuja na mkewe na watoto, akaniletea simu janja na kuniwekea programu ya kuonana na daktari kwa video. Akasema, "Mama, habari ya foleni tangu alfajiri imekwisha." Nilimshukuru kwa moyo wote. Najua pesa ile aliipata kwa jasho.

Tulikaa sebuleni. Mwanangu kashika simu, mkewe yuko pembeni, mjukuu wangu wa miaka 11 anachungulia nyuma ya kiti. Akatokea kijana kavaa koti jeupe. Alitaja jina lake la kwanza tu, hakusema yuko hospitali gani. Akauliza dawa ninazotumia, nikamsomea kwenye maboksi: metformini ya sukari, enalaprili ya presha, na ile ya kukojosha. Akauliza kama nakohoa, nikamwambia ndiyo, kikohozi kikavu hakiniachi tangu nibadilishiwe dawa. Akauliza kama nyayo zinawaka moto, nikamjibu. Kisha akaniuliza, "Mama, haja ndogo ikoje? Kuna tatizo jingine lolote?"

Nikamwambia niko salama.

Sikuwa salama. Wewe nakuandikia kwa sababu hunioni. Kwa miezi mingi sasa mkojo hunitoka nikikohoa au nikicheka, na siku nyingine nawashwa mahali ambapo sipataji. Nimepunguza kwenda kwenye maulidi na sikai sana msibani, naogopa kuchafua mkeka wa watu. Haya ningeyasemaje na mwanangu wa kumzaa ndiye aliyeshika simu?

Yule kijana alipoanza kusema kwamba dawa yangu moja inafaa kuangaliwa upya, mtandao ukakatika. Tulipopiga tena akatokea daktari mwingine, akaanza kuniuliza jina na umri upya. Pesa ilikatwa mara mbili. Baadaye maelezo yote ya mazungumzo yakaingia kwenye simu ya mwanangu, kwa sababu alinisajili kwa namba yake.

Nina jirani yangu naye. Mwaka jana aliona tangazo la "daktari" kwenye simu, akatumiwa chupa ya dawa ya kumaliza kisukari kabisa. Akaacha vidonge vya hospitali. Wiki ya tatu tulimbeba kwenye kivuko hajitambui.

Tangu hapo nikiambiwa nipige video natafuta sababu. Binti yangu anasema naogopa teknolojia. Lakini mimi natuma na kupokea pesa kwa simu, nasoma magazeti humo humo, na kwenye kikoba chetu cha akina mama mweka hazina ni mimi. Siogopi simu. Ila daktari wangu wa kliniki hunivua viatu, akanigusa vidole vya miguu kimoja kimoja. Huyu wa simu hajanigusa.

Je, mimi ni mshamba kama wanavyodhani? Na nitamwambiaje mwanangu bila kumvunja moyo?

Mwalimu mstaafu,
Bweni, Pangani


JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa muuguzi kwa miaka 19, na barua yako nimeisoma kwa macho ya kazi ile. Nilipofika pale uliposema "Nikamwambia niko salama" niliiweka chini kwanza. Maneno hayo nimeyasikia kliniki mara nyingi mno. Mama kaletwa na mtoto wake, mtoto ndiye anayejibu, mama anatikisa kichwa. Tukimwomba mtoto atusubiri nje na kuvuta pazia, ndipo ugonjwa wenyewe unapotajwa. Sebuleni kwako siku ile hapakuwa na pazia.

Kwa hiyo ushamba uuondoe moyoni. Ulikosa sitara, na mgonjwa aliyekosa sitara hufunga mdomo, awe mbele ya kioo cha simu au mbele ya profesa.

Nianze na afya yako, hayo mengine yatafuata. Mkojo kuchopoka mtu akikohoa au akicheka ni jambo la kawaida sana kwa wanawake waliozaa na waliovuka umri wa hedhi. Ni la kawaida, lakini halipaswi kuvumiliwa kimya kimya, maana lina tiba. Kuwashwa sehemu za siri kwa mwenye sukari mara nyingi ni fangasi, na fangasi hupenda sukari inapokuwa juu. Dawa ya kukojosha nayo inaongeza mkojo, kama jina lake linavyosema. Kisha kuna hicho kikohozi. Enalaprili na ndugu zake hujulikana kwa kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma, na kila ukikohoa, kibofu kinabanwa.

Viweke pamoja, Mwalimu: dawa, kikohozi, mkojo, muwasho, sukari. Daktari aliyevisikia vyote kwa wakati mmoja angekuwa na pa kuanzia. Yule kijana alipewa nusu, na wa pili hata hiyo nusu hakuipata. Usiache wala usibadilishe dawa yoyote kwa maneno yangu haya. Yapeleke kliniki jinsi yalivyo. Watakupima mkojo na sukari, na kwa kuwa kikohozi kimezidi wiki 2 watakupima na kifua kikuu pia. Huo ndio utaratibu wetu, usikutie hofu.

Sasa turudi kwa wanao. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Fred Davis, aliandika kuhusu wafanyakazi wanaoletewa kompyuta, akitaka kujua kwa nini baadhi wanaikubali na wengine wanaikataa. Alikuta mambo mawili yana uzito: mtu anaamini kitamsaidia kazi yake? Na anaona ni rahisi kukitumia? Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, waliongeza mengine, kama vile watu wa karibu wanasemaje na mazingira yanaruhusu kiasi gani. Wanao wameshika lile la urahisi peke yake. Wameona mama amekataa, wakadhani simu ni ngumu, na pengine mwezi ujao utaletewa nyingine yenye kioo kikubwa zaidi. Lakini mtu anayeshika hesabu za kikoba kwa simu hakushindwa na simu.

Kwa mgonjwa kuna maswali yanayotangulia hayo yote. Nani mwingine ananisikia? Huyu anayenijibu ni nani hasa? Nikiharibikiwa, namfuata wapi? Huduma ikimjibu mtu maswali hayo mapema, hata bibi asiyejua kusoma ataitumia. Isipoyajibu, hata mwalimu wa miaka 34 ataiacha mezani.

Mfano uko hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Rwanda kulikuwa na huduma iliyoitwa Babyl, iliyoanza mwaka 2016. Watu zaidi ya milioni 2 walijisajili, wengi wao wakiwa na simu za vitufe tu, zisizo na video wala bando. Mtu alibonyeza namba fupi, muuguzi akampigia kwanza kumsikiliza, kisha daktari kama alihitajika. Dawa au kipimo kilikuja kama namba ya siri kwa ujumbe mfupi, ukaenda nayo duka la dawa au kituo cha afya kilichokuwa jirani. Na malipo yaliunganishwa na bima ya jamii, Mutuelle, ambayo Wanyarwanda wengi walikuwa nayo tayari. Nikiitazama kama muuguzi, naona ilifaulu kwa sababu ilimkuta mtu alipo: simu aliyonayo, bima aliyonayo, kituo anachokijua. Sauti peke yake ilitosha. Hakuna aliyelazimika kuonyesha sebule yake.

Lakini mwaka 2023 kampuni mama iliyoimiliki, ya Uingereza, ilianguka, na Babyl ikafungwa. Jambo hilo liniruhusu nikuombe moja: daftari lako la kliniki usilitupe kamwe kwa sababu kuna programu. Kila utakachoambiwa na daktari wa simu, kiandike humo kwa mkono wako, tarehe, jina lake na alichosema. Hapo hata huduma ikifungwa, au mtandao ukakatika na kutokea daktari wa pili, utamsomea ulipofikia na wala hutaanza na jina na umri.

Kuhusu kijana aliyetaja jina la kwanza tu, ulikuwa na haki ya kusita. Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Safari ijayo, kabla hujajibu swali lolote, muulize jina lake kamili, namba yake ya usajili na anafanya kazi wapi. Daktari wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika, kata simu. Na yule aliyemuuzia jirani yako chupa hakuwa na tofauti na tapeli wa sokoni, isipokuwa alikaa mbali na mkono wa mtu. Hakuna chupa ya kutumwa kwa basi inayomaliza kisukari, na anayekuambia uache vidonge vya hospitali ili dawa yake ifanye kazi anakuweka hatarini waziwazi. Naomba umshike mkono jirani huyo, mwende naye kliniki siku moja. Walioumizwa hivyo mara nyingi huona aibu kurudi, na aibu hiyo huwaumiza zaidi.

Lile la maelezo yako kuingia kwenye simu ya mwanao limenigusa sana. Alikusajili kwa nia njema, najua. Lakini habari za mwili wako ni zako. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa humo kwenye kundi la taarifa nyeti. Una haki ya kuitaka huduma irekebishe taarifa zako. Waambie wahamishie akaunti kwenye laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na namba ya siri uichague wewe. Mwanao aendelee kulipa kama anapenda. Kulipa hakumpi haki ya kusoma. Waulize pia bei kabla ya kuanza, na mtandao ukikatika pesa inakuwaje. Wasipokuwa na jibu, hiyo nayo ni sababu halali ya kutafuta huduma nyingine.

Sasa miguu. Hapo nakuunga mkono bila kupunguza neno. Sukari huua hisia za nyayo polepole. Mtu hukanyaga mwiba asijue, kidonda kikaota, na wengi niliowahudumia walikuja siku ambayo mguu hauokoleki. Daktari anayekuvua viatu na kugusa vidole kimoja kimoja anaokoa miguu yako, na hakuna kioo cha simu kinachoweza kumrithi. Macho pia yanataka kuangaliwa ana kwa ana, angalau mara moja kwa mwaka. Kliniki yako usiiache hata mwanao akikununulia simu ya dhahabu.

Ila kuna siku 29 katikati ya kliniki na kliniki, na hapo ndipo naiona faida ya simu kwako. Umepewa majibu ya vipimo na hukuyaelewa. Dawa imekwisha duka zima na muuzaji anataka kukupa nyingine yenye jina tofauti. Mashine ya presha imesoma namba isiyo ya kawaida yako. Kwa maswali ya namna hii, kuvuka mto na kupoteza siku nzima si lazima. Ningependa zaidi daktari huyo wa simu awe mtu wa kituo unachokwenda, aliyewahi kukuona. Waulize pale kliniki kama wana namba ya kupigia wagonjwa wao, maana vituo vingine wanayo. Kumwamini kwa simu mtu uliyekwisha kumwona uso kwa uso ni jambo jepesi, na anakujua. Pia ipo namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo, nayo unaweza kuipiga hata kwa simu ya vitufe kwa maswali ya jumla.

Kama una mashine ya presha nyumbani, ipime vizuri ndipo namba zako ziwe na maana kwa aliye mbali. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea, miguu yote sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, uandike zote kwenye daftari. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, na una maumivu ya kifua, pumzi inabana, macho yanatia giza au kichwa kinapasuka, hapo hakuna kupiga video. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, mkono ukiishiwa nguvu au ulimi ukiwa mzito. Hayo ni ya kwenda hospitali dakika hiyo hiyo. Na kwa kuwa uko ng'ambo, panga leo: nani atakuvusha usiku kivuko kikiwa kimelala, nani mwenye pikipiki, namba zao ziwe ukutani, kwa maandishi makubwa, mjukuu azione.

Unaniuliza utamwambiaje mwanao. Mwambie ukweli, ila si lazima umwambie wote. Huhitaji kumtajia mkojo. Ningekuwa wewe ningempigia siku ya mapumziko, akiwa hana haraka, nimwambie hivi: "Baba, simu uliyoniletea naipenda na nitaitumia. Lakini daktari na mgonjwa wana mazungumzo yao, kama wewe usivyopenda nikae unapoongea na daktari wako. Nihamishie akaunti kwenye namba yangu, nami nitazungumza naye chumbani peke yangu. Kliniki yangu ya kila mwezi inabaki pale pale, kwa sababu ya miguu." Mtoto aliyekuletea zawadi anataka kusikia kwamba zawadi imepokelewa. Akishasikia hilo, mengine yatamwingia. Kama atauliza "Kwani kuna nini, Mama?", mjibu kwamba kuna mambo ya wanawake. Watoto wa kiume wa pwani wakisikia neno hilo huwa hawaulizi la pili.

Nawe ukipiga, funga mlango. Chagua daktari mwanamke kama huduma inaruhusu, na nyingi zinaruhusu ukiomba. Zima video ukitaka, sema kwa sauti tu. Yale ambayo hukuweza kuyasema ukiangaliwa, huenda ukayasema usipoonekana, kama ulivyoniandikia mimi. Huo ndio upande mzuri wa huduma hizi ambao wanao hawakuujua walipokuketisha sebuleni. Nimewahi kupokea simu za akina mama waliobeba jambo miaka 10, wakalitamka gizani, taa imezimwa, kwa mtu wasiyemjua.

Lakini hili la sasa usilisubirishe simu. Linataka kipimo cha mkojo na macho ya mtu, kwa hiyo kliniki yako ijayo ndiyo pake. Ukifika, usiende moja kwa moja kwa daktari. Mtafute muuguzi wa kike umwambie unataka kuzungumza naye pembeni. Mueleze pia kikohozi kilianza lini na dawa ipi. Wakati huo huo, nyumbani anza zoezi hili: bana misuli kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka 5, achia, rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukiwa kwenye kivuko hakuna atakayejua unalifanya. Matokeo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi kama miezi 3, usikate tamaa wiki ya kwanza.

Na siku hiyo ukiona mdomo umekuwa mzito mbele ya muuguzi, mkatie kipande kile cha barua hii ulichoniandikia, kile cha maulidi na msibani, umpe akisome mwenyewe. Mwandiko wako unasomeka vizuri sana, Mwalimu.